Pilipili Haimfundishi Mbwa Ulinzi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wengi hufuga mbwa ili alinde nyumba, duka au ploti usiku. Ndiyo maana kila mtaa una wajuzi wake wa mbwa. Mmoja atakwambia umlishe pilipili au bangi ili awe mkali. Mwingine atasema umfungie gizani tangu udogoni ili asizoeane na watu. Wa tatu atakushauri umpige na kumlaza chali ili ajue kwamba wewe ndiwe mkubwa.

Je, mwananchi wa kawaida atajuaje lipi la kweli? Hili ni jambo la afya, kwani anayeumia mbwa akilelewa vibaya mara nyingi ni mtoto anayepita langoni. Yako maswali manne ya kumsaidia mfugaji.

Kwanza, kitu hicho hufanya nini mwilini? Pilipili huwasha mdomo na kuchoma tumbo. Mbwa aliyelishwa pilipili huumwa na tumbo na kuharisha. Bangi nayo humlegeza miguu, humsinziza na hata kumfanya avuje mkojo bila kujijua. Huyo si mlinzi, ni mgonjwa.

Pili, je, kuna sababu nyingine? Utasikia watu wakisema, "Mbona mbwa wa jirani amekuwa mkali kweli?" Chunguza maisha yake. Pengine hushinda kwenye mnyororo mfupi, ana njaa na watoto humtupia mawe. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuuma hata kama hajawahi kuonja pilipili. Uliza pia habari za mbwa waliopewa pilipili na wasibadilike. Hao hakuna anayewasimulia.

Tatu, ni nani aliyechunguza, na alichunguza wapi? Mnamo 1961 watafiti wa Bar Harbor, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wa mbwa waliolelewa mbali na watu. Waliokaa hadi wiki ya 14 bila kuzoezwa watu walibaki waoga mno. Mbwa mwoga huuma ovyo, kwa kuwa hawezi kumtofautisha mwizi na mgeni wako. Hivyo kumfungia gizani hakumpi ushujaa.

Hata nadharia ya "mkubwa" ina kasoro. Ilitokana na uchunguzi wa mbwa-mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja, ambao Rudolf Schenkel aliuandika mwaka 1947. Mtaalamu wa Marekani, David Mech, aliieneza katika kitabu chake cha 1970. Lakini mnamo 1999, baada ya kuwatazama mbwa-mwitu wakiishi huru, Mech mwenyewe alieleza kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala si jeshi la kugombania ukubwa. Mtaalamu wa kweli hukubali kusahihishwa. Jihadhari na mjuzi ambaye kila akishindwa husema kosa ni la mbwa au la mwenye mbwa.

Nne, nadharia hiyo ikiwa ya uongo, nani ataumia? Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mbwa akibadilika ghafla akawa mkali, mwenye kuamini pilipili hufurahi kwamba dawa imekolea. Kumbe huenda ni kichaa cha mbwa. Ukimwona akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, sauti yake ikigeuka au miguu ikipooza, usimkaribie. Mwite daktari wa mifugo. Ugonjwa huu, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo akadungwe sindano za kinga, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa mwenye mbwa, ushauri ni mwepesi. Mpe chanjo akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mlishe vizuri, mzoeze watu wa nyumbani na watoto tangu akiwa mdogo, na mtuze kila anapotii. Mbwa wa kubweka usiku akawaamsha wenyewe ametimiza ulinzi. Wahenga walinena, umleavyo ndivyo akuavyo. Msemo huo haukuachwa kwa watoto wa binadamu peke yao.