Muyaka Naye Atajwe Njoro

Chuo cha Egerton, huko Njoro karibu na Nakuru, kilianzishwa mwaka 1939 kuwafundisha Wazungu ukulima. Tangu 1987 ni chuo kikuu, na majina ya Wordsworth na Jane Austen si mageni kwa wanaosoma fasihi hapo. Hatuna ugomvi nayo.

Lakini hebu, ndugu msomaji, tuhesabu miaka. Bibi Austen alizaliwa mwaka 1775. Muyaka bin Haji wa Mombasa, yapata 1776. Yule akiandika habari za posa za kwao, huyu akiwatungia watu wa mjini mashairi ya vita na mapenzi. (Anayedhani ushairi wetu wa kale ni wa msikitini tu, hajamsoma.)

Vitabu vinne vya Austen vilipigwa chapa angali hai. Mashairi ya Muyaka yalibaki vifuani mwa wazee, hata Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na padri Taylor. Diwani ilitoka mwaka 1940, karibu miaka 100 baada ya kufa kwake, tena Johannesburg!

Basi ukiwekwa mhadhara Nakuru kuwaadhimisha washairi wa zama zile, vijana wa Pwani wanaosoma huko wamdai Muyaka. Na wakiulizwa karatasi za Taylor ziko wapi, wajibu: London.