Vifaa vya Kuanzia Kutunga Muziki wa Chipu

Muziki wa chipu hutungwa kwa sauti za chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani na mashine za michezo ya video, hasa za miaka ya 1980. Nyingi ya chipu hizo hazikucheza sauti za ala zilizorekodiwa. Zilizalisha mawimbi sahili ya umeme, na mtunzi akayapanga yawe wimbo. Leo programu za kompyuta huziiga kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo anayeanza halazimiki kutafuta mashine ya zamani. Ana maamuzi mawili ya kufanya: atungie chipu ipi, na kwa programu ipi.

Chipu hutofautiana kwanza kwa idadi ya chaneli. Kwa kawaida chaneli moja hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Chipu ya 2A03 iliyomo katika Famicom, mashine ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwaka 1983 na baadaye nje ya Japani kwa jina la NES, ina chaneli tano. Mbili hutoa wimbi la mraba, moja wimbi la pembetatu, moja kelele inayofanana na mchakacho wa redio isiyoshika stesheni, na ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Game Boy ya mwaka 1989 ina chaneli nne: mbili za mraba, moja ya kelele, na moja ambayo mtunzi huchora mwenyewe umbo la wimbi lake kwa hatua 32. Chipu ya SID ya Commodore 64, iliyosanifiwa na Bob Yannes na kutoka mwaka 1982, ina chaneli tatu tu, lakini kila moja huweza kubadilisha aina ya wimbi, na chipu nzima ina kichujio cha sauti.

Kwa anayeanza, NES na Game Boy ndizo rahisi zaidi, kwa sababu kazi ya kila chaneli hujionyesha yenyewe. Katika NES, mraba wa kwanza hubeba melodia, wa pili huisindikiza, pembetatu hushika besi na kelele hupiga ngoma. Kwenye SID, besi na ngoma mara nyingi hulazimika kupokezana chaneli moja, na ufundi huo huhitaji uzoefu. Mega Drive ya Sega, iliyotoka mwaka 1988, hutumia chipu ya YM2612 ambayo huunda kila sauti kwa kuunganisha mawimbi manne yanayoathiriana. Mipangilio yake ni mingi mno kwa wimbo wa kwanza.

Uchache wa chaneli ndio unaofundisha. Wimbi la mraba la NES lina maumbo manne tu, kulingana na sehemu ya mzunguko ambayo wimbi hukaa juu: asilimia 12.5, 25, 50 au 75. La 50 husikika nene na lenye uwazi ndani yake; la 12.5 ni jembamba na kali. La 25 na la 75 sikio haliyatofautishi. Pembetatu haina udhibiti wa ukubwa wa sauti: inalia au imenyamaza. Anayetaka besi nyepesi hufupisha noti zake.

Mbinu maarufu zaidi ilitokana na upungufu huohuo. Noti tatu zinazolia pamoja zingemaliza chaneli tatu, hivyo watunzi wakaziweka kwenye chaneli moja na kuzibadilisha haraka sana, mara 50 au 60 kwa sekunde, mpaka sikio likazipokea kama mlio mmoja unaometameta. Katika programu nyingi amri yake ni 047: noti ya msingi, kisha noti iliyo nusutoni nne juu yake, kisha iliyo nusutoni saba. Kwa rangi ya huzuni huandikwa 037.

Programu zenyewe zina familia mbili. Ya kwanza ni treka, iliyopata umbo lake katika Ultimate Soundtracker, ambayo Karsten Obarski aliiandikia kompyuta ya Amiga mwaka 1987. Treka huonyesha jedwali linaloshuka kutoka juu kwenda chini: kila safu wima ni chaneli, na kila mstari ni hatua moja ya muda. Noti huingizwa kwa kibodi ya kawaida ya kompyuta, na thamani nyingi huandikwa kwa namba za msingi wa 16, ambapo F ni 15. Familia ya pili hutumia gridi: noti huchorwa kama vipande vya mstari, urefu wa kipande ukiwa ndio muda wa noti.

Mwenye kompyuta na anayetaka kujifunza treka anaweza kuanza na Furnace, programu ya bure inayoiga chipu nyingi na kufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. FamiTracker, ya Windows, hushughulikia NES peke yake, na kwa sababu hiyo ina mambo machache ya kukariri. Anayependelea gridi ana FamiStudio, pia ya NES na pia ya bure, ambayo ina toleo la simu za Android. BeepBox ya John Nesky hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Haiigi chipu fulani kwa uaminifu, lakini hufaa kwa kujaribu melodia na mapigo.

Kifaa cha kwanza kinachostahili kununuliwa ni hedifoni nzuri kiasi. Spika ndogo za simu na za kompyuta mpakato hazitoi vizuri noti za chini za pembetatu, na mtunzi asiyeisikia besi yake huipandisha oktava isiyohitajika.

Mashine halisi huja baadaye, hasa kwa anayekusudia kupiga muziki jukwaani. Game Boy ndiyo huchaguliwa zaidi, kwa kuwa ni ndogo na ina programu zake maalumu: Nanoloop ya Oliver Wittchow wa Ujerumani, na Little Sound Dj ya Johan Kotlinski wa Sweden, maarufu kama LSDj. Zaidi ya mashine, huhitajika katriji inayoweza kuandikwa upya. Katika katriji nyingi nyimbo hutunzwa kwa nguvu ya betri ndogo, na betri ikiisha nyimbo hupotea, hivyo nakala huwekwa kwenye kompyuta mara kwa mara. LSDj hufanya kazi pia ndani ya programu inayoiga Game Boy, na hapo mtu anaweza kuijaribu kabla ya kununua mashine.