Jiko la Makaa na Chumba Kilichozibwa

Eldoret iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane baridi ya usiku huingia mpaka kwenye mifupa. Ukipita Langas, Huruma au Munyaka miezi hiyo utakuta chumba cha mabati kimezibwa kila mahali: gunia dirishani, nguo kuukuu chini ya mlango, karatasi kwenye lile pengo kati ya ukuta na paa. Halafu jiko lililopika githeri jioni linaingizwa ndani kupasha watoto joto, na mlango unafungwa.

Wengi wetu tunaogopa moshi tu. Mama anaacha jiko nje mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, akijua sasa ni salama. Sivyo hata kidogo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi mtu, na makaa mekundu yasiyo na moshi bado huitoa kwa wingi. Ikiingia mapafuni hushika damu mahali pa oksijeni, tena huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaendelea kupumua lakini mwili unakosa hewa. Aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila hata kuamka. Mama mjamzito na mtoto mchanga ndio wanaoumia upesi.

Lile jiko lenye udongo uliochomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa unayonunua, na mfuko unashukuru. Sumu haliiondoi. Wala sufuria ya maji kando ya jiko haisaidii, kwa sababu maji hayainyonyi hewa hii.

Sasa hewa ipite wapi? Hewa ya moto hupanda. Inataka mlango wa kutokea juu, na hewa safi inataka mlango wa kuingilia chini, upande wa pili wa chumba. Tundu moja peke yake halifanyi kazi vizuri, maana hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia. Pengo lililo chini ya mabati ndiyo njia ya juu, na ndilo watu wanalowahi kuziba! Afadhali uzibe nyufa zinazopuliza upepo kitandani, uliache pengo lile wazi. Weka wavu wa kuzuia panya, na kwa nje kipande cha bati kilichoinama kuzuia mvua. Lakini tuelewane: matundu haya ni ya wakati wa kupika na ya pumzi za watu, si ruhusa ya kulala na makaa.

Kuna jambo lingine. Wengine hulalamika kwamba paa linavuja usiku na mvua haijanyesha. Hiyo ni pumzi ya watu na mvuke wa sufuria, inagusa bati baridi na kuwa matone. Ukiziba zaidi, yanaongezeka, na blanketi lililolowa halina joto. Dari ya magunia au maboksi hupunguza baridi ya bati, mradi ikae mbali na moto na isizibe pengo.

Joto la usiku litafutwe kitandani. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kwa nguo hukaa na joto saa kadhaa. Maboksi chini ya godoro huzuia baridi ya sakafu.

Kwa wenye ploti, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu nyumba iliyojengwa kwa namna ya kuhatarisha afya kuwa kero, na mwenye nyumba anaweza kuagizwa airekebishe. Tundu mbili ukutani si gharama ya kugombania. Huko Marekani wako watu wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, ndogo kama vyumba vyetu. Humo huwekwa kijifaa kinacholia sumu hii ikizidi. Sisi kifaa chetu ni kichwa: kama nyumba nzima inaamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko.

Ukikuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe nje kwanza, jiko baadaye. Usimpe maziwa; sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Mkimbize hospitali apewe oksijeni, na umwambie daktari waziwazi kwamba mlilala na jiko, kwa sababu dalili hizi hufanana na malaria.