Mto wa Gatwekera Ndio Mto Wako

Ndugu mkulima, huenda hujafika Gatwekera, kijiji kimoja cha Kibera mjini Nairobi. Lakini ikiwa shamba lako la skimu hunyweshwa na mto Athi, maji ya huko hukufikia.

Yafuate uone. Mvua inyeshayo Kibera huteremkia mto Ngong, ambao kwa juu huitwa Motoine. Mto huu huingia katika bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, kisha huungana na mto Nairobi, nao huingia Athi. Mbele Athi huitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi.

Wazee waliiheshimu mito. Jina Nairobi lilitoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Wakikuyu waliwapeleka vijana mtoni alfajiri waoge kabla ya kutahiriwa, na mti wa mugumo, mahali pa sala, ulikuwa mwiko kukatwa. Reli ilipofika mwaka 1899, maji hayo yalikuwa sababu moja ya kupiga kambi pale. Baadaye askari Wanubi walipewa makao Kibera, wakalima.

Leo mto umejaa takataka na maji ya vyoo. Lakini usiwalaumu watu wa Gatwekera peke yao. Wengi hawana mabomba ya kuchukua uchafu. Tena, mvua kubwa ikinyesha, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu. Huo ni udongo wa mashambani, labda na wa kwako umo.

Basi fanya hivi:

1. Usilime ukingoni. Acha ukanda usiopungua mita 6. Mto ukiwa mpana, acha hata mita 30.

2. Katika ukanda huo panda mianzi na miti ya kienyeji. Usipande mikaratusi, kwani hunywa maji mengi.

3. Penye mteremko chimba matuta ya fanya juu: udongo wa mtaro utupe upande wa juu, kisha panda majani ya ng'ombe juu ya tuta.

4. Usioshe pampu ya dawa mtoni.

5. Maji yakinuka au yakibadilika rangi, usinyweshee mboga. Kuosha hakuondoi madini ya sumu yaliyokwisha ingia ndani ya jani.

Jirani akilima ukingoni, zungumza naye kwanza. Asiposikia, pelekeni neno kwa Bwana Shamba au chama cha watumiaji maji, kabla mvua hazijaanza.