Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: Tumbo limebadilika, na nyumba ibadilike



Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ngeni tena kwetu. Zamani tulikuwa tukiusikia kutoka Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Leo wapo akina mama na akina baba wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa waliosafiri hadi India kufanyiwa, na wengine wamefanyiwa humu humu Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa na kisukari, shinikizo la damu au magoti yasiyobeba tena mwili, na wametibiwa wakapata nafuu kubwa.

Kabla ya upasuaji watu huuliza gharama, siku za kulazwa na idadi ya kilo zitakazopungua. Ni wachache wanaouliza: nikirudi nyumbani nitakula nini, na nitakula vipi na wenzangu? Hapo ndipo penye kazi. Daktari hushughulika na tumbo kwa saa chache tu, lakini mgonjwa na watu wa nyumbani kwake watashughulika nalo maisha yote. Makala hii inawahusu wote wawili.

Tumbo limefanywa nini?

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, na kubakisha bomba jembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo mtu hushiba upesi na hamu ya kula hupungua. Wa pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba. Hapo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo, na baadhi ya vitamini na madini hayafyonzwi tena kama zamani.

Mgonjwa anaweza kupungua robo hadi theluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Baada ya hapo kupungua husimama, na mtu aliyerejea mazoea ya zamani huanza kunenepa tena. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza ni wakati wa kujifunza ulaji mpya.

Wiki za mwanzo

Chakula hurejeshwa kwa hatua, na mgonjwa afuate ratiba aliyopewa na hospitali yake. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni vitu vya majimaji tu: maji, supu ya kuku au samaki iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa hadi kuwa laini kabisa, kama choroko, samaki asiye na miiba, mtindi na mayai. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vya kutafuna. Baada ya hapo chakula cha kawaida huanza kidogo kidogo.

Mshono wa ndani hauonekani. Mtu anaweza kujiona mzima kwa kuwa matundu ya nje yamefunga, akala nyama au chapati wiki ya pili, na akajidhuru vibaya. Vile vile asibebe vitu vizito kwa wiki nne hadi sita. Ndoo ya maji ya lita ishirini ni kilo ishirini. Huo ni mzigo wa watoto wakubwa au wa mume, hata kama mama amezoea kuubeba mwenyewe.

Iwapo kuinama na kusujudu kunamtia maumivu, dini imempa mgonjwa wepesi wa kuswali kwa kukaa. Kuhusu udhu na kidonda kilichofungwa, amuulize sheikh wake.

Kula upya

Baada ya miezi michache mlo mmoja huwa kama nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, kinachoingia lazima kiwe na faida. Kanuni ni hizi:

Kwanza, anza na protini. Mwili unahitaji angalau gramu 60 kwa siku, la sivyo utakula misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya robo lita ya maziwa au mtindi gramu 8, samaki aliyepikwa wa gramu 100 kama gramu 20, na nusu kikombe cha maharage gramu 7. Mtu aliyekula kwa siku mayai mawili, glasi mbili za maziwa, moja ya mtindi, kipande hicho cha samaki na maharage hayo, amefika. Mboga zifuate, na wali au ugali uwe wa mwisho, ikiwa nafasi imebaki.

Pili, tafuna mpaka chakula kiwe kama uji, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Nyama ngumu, mkate mlaini, chapati na wali mkavu ndivyo vinavyokwama zaidi.

Tatu, usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha unywe kwa mafunda madogo mpaka ufikishe lita moja na nusu kwa siku. Soda na vinywaji vyenye gesi viache.

Nne, acha kula mara tu unapohisi shibe, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kijiko hicho kimoja ndicho huleta kutapika.

Tano, jihadhari na sukari. Hasa kwa waliounganishwa utumbo, vitu vitamu kama kaimati, visheti, haluwa na juisi ya sukari huteremka ghafla utumboni. Dakika 10 hadi 30 baadaye moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo hunyonga na kuhara hufuata. Wengine hupatwa na hali hiyo saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka, wakatetemeka na kuishiwa nguvu. Watu wa nyumbani wajue kwamba hilo halina uhusiano na uchawi wala kijicho. Ni chakula.

Sinia na wageni

Hapa ndipo mgonjwa wa kwetu anapopata shida ambayo vitabu vingi vya hospitali za ng'ambo havikuitaja. Sisi hula pamoja. Katika sinia moja kila mtu huenda na mwendo wa wenzake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Aliyefanyiwa upasuaji akila kwa mwendo huo atatapika, na akiinuka baada ya matonge matano ataambiwa amesusa.

Suluhisho ni jepesi. Akae mkekani na wenzake kama kawaida, lakini atengewe kisahani chake, na wenzake wasimharakishe. Baraka ya kula pamoja haipotei kwa sababu ya kisahani. Mpishi atoe sehemu yake kabla ya kuongeza tui zito na mafuta, na kwa njia hiyo nyumba haipiki mara mbili. Ikiwa aliyepasuliwa ndiye mpishi, aangalie kuonja onja jikoni. Vijiko kumi vya kuonja kwake ni mlo kamili.

Shangazi na mama mkwe nao tunawaomba jambo moja. Kumwambia mtu "ongeza kidogo mwanangu, hujala kitu" ni mapenzi, lakini kwa huyu huwa madhara. Mkitaka kumkirimu, mpeni kipande kizuri cha samaki na mazungumzo. Na anayealikwa harusini au kwenye maulidi ale kidogo nyumbani kwanza, kisha ashike sahani ndogo.

Aidha, tuchunge ndimi zetu. Kwetu mtu akikonda upesi hutungiwa maradhi. Wapo wagonjwa wanaojificha ndani au kurudi kula ovyo ili tu watu wasiseme. Mgonjwa halazimiki kumweleza kila mtu alichofanyiwa, na jirani halazimiki kuuliza.

Dawa za maisha

Vitamini baada ya upasuaji huu si za mwezi mmoja. Ni za maisha: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Akiziacha, upungufu wa damu, ganzi miguuni na mifupa dhaifu huja taratibu, pengine baada ya miaka. Wanawake wanaopata hedhi wako hatarini zaidi kupungukiwa damu. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Viachane kwa saa mbili. Chuma pia kisimezwe na chai, kwani chai huzuia kufyonzwa kwake. Gharama ya vitamini hizi iingie katika bajeti ya nyumba hata kabla ya kukubali upasuaji.

Kapsuli nyingi na vitamini za kutafuna kama peremende hutengenezwa kwa jelatini, ambayo huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Mfamasia aulizwe asili yake, kwani mara nyingi ipo aina ya tembe au ya maji isiyo na jelatini. Usiache dawa kwa shaka tu kabla ya kuuliza.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo kwetu hununuliwa dukani kama pipi, huweza kutoboa vidonda tumboni, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Paracetamol ndiyo salama zaidi. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe. Azungumze na daktari wake. Wenye kisukari na shinikizo la damu nao wapimwe mara kwa mara, kwa sababu dozi ya zamani huweza kuwa kubwa mno kwa mwili mpya.

Nywele, ngozi na ujauzito

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hudondoka kwa wengi, na kwa kawaida huota tena mtu akitimiza protini na vitamini. Ngozi iliyolegea tumboni, chini ya matiti na mapajani hushika jasho na kuota fangasi, hasa katika joto letu la pwani. Ioshwe kila siku, ikaushwe vizuri kwa kitambaa safi, na nguo za ndani ziwe za pamba.

Wanandoa wajue pia kwamba mwanamke akipungua uzito uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati ambapo mwili bado hauna akiba. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya kuunganishwa utumbo, kwa hiyo waulize njia nyingine.

Ramadhani

Swali hili huja kila mwaka. Kwetu pwani saa za kufunga ni takriban kumi na tatu na zaidi. Katika saa chache zinazobaki mtu wa kawaida hula na kunywa atakavyo. Mwenye tumbo la vijiko vichache hawezi kufidia maji na protini ya mchana mzima kwa mlo mmoja. Katika miezi ya mwanzo hatari ni kukaukiwa maji, kuzimia na kudhuru figo. Madaktari wengi hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kufunga, na baada ya hapo kuamua kwa vipimo.

Katika Suratul Baqara mgonjwa amepewa rukhsa ya kufuturu na kulipa siku nyingine. Kuitumia rukhsa hiyo si udhaifu wa imani. Kama daktari mwaminifu amesema hali itaendelea, mgonjwa ampelekee sheikh maelezo hayo ili aelekezwe kuhusu kulipa au fidia.

Aliyeruhusiwa kufunga afuturu kwa tende moja, au nusu kama humsumbua, na mafunda machache ya maji. Aswali Magharibi, kisha ale samaki, kuku au maharage kwanza. Sambusa, bajia na kaimati zisijaze nafasi hiyo. Anywe maji kidogo kidogo hadi usiku, ale tena kidogo baada ya Tarawehe, na asiache daku. Akiona kizunguzungu, jasho baridi, kutetemeka au mkojo mweusi, afuturu mara moja.

Usisubiri kesho

Mgonjwa apelekwe hospitali haraka akiwa na maumivu makali ya tumbo, homa na moyo kwenda mbio, choo cheusi kama lami, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana. Hali kadhalika kutapika kusikokoma kwa siku mbili tatu, hasa kukiandamana na kuyumba, kuona mawili mawili au kuchanganyikiwa. Hiyo ni dalili ya kuishiwa vitamini B1, na ikicheleweshwa ubongo hudhurika moja kwa moja. Maumivu chini ya mbavu za kulia huweza kuwa mawe ya nyongo, yanayowapata wengi wanaopungua haraka.

Waliofanyiwa ng'ambo warudi na maandishi yanayoeleza aina ya upasuaji, na wamwoneshe daktari yeyote atakayewatibu. Wapime damu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka hata kama wanajiona wazima.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko aliyefanyiwa upasuaji huu, anza leo na mambo matatu: kisahani chake, chupa yake ya maji, na saa ya kumkumbusha vitamini. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayolinda matibabu yote yaliyogharimiwa.

Wabillahi tawfiq.