Tarishi Aliyerudi na Barua Mkononi

Paukwa!

Nanyi mkishaitikia pakawa, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mashine moja kubwa ya fotokopi, ile inayokaa kwenye kona ya ofisi ya shule na kunguruma kila asubuhi inapowashwa. Tena ina sekretari mmoja aliyezoea kutoka kazini saa tisa na nusu, na siku hiyo saa tisa na nusu ikampita akiwa bado amesimama mbele ya mashine hiyo.

Shule yenyewe nimeibuni, lakini mambo yake hutokea katika ofisi za kweli kila wiki. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda hivi: sekretari anaweka karatasi juu ya mashine, anagusa kitufe kilichoandikwa Masjala, mashine inazivuta moja moja na kuzipiga picha. Akirudi kwenye meza yake anazikuta picha zote kwenye kompyuta, ndani ya folda iitwayo Masjala. Hachomeki flashi wala hatumi kitu kwa barua pepe.

Likizo ya Juni ikaisha. Wazazi wa kidato cha tano wakaanza kuleta fomu. Sekretari akaweka rundo la kwanza, akagusa kitufe. Mashine ikavuta karatasi zote bila kukwama hata moja, ikakaa kimya muda mrefu kama inayowaza, kisha ikatoa mlio na kuandika kwenye kioo chake kwamba imeshindwa kuunganisha. Akarudia. Akazima, akawasha. Akampigia fundi, fundi akasema yuko safarini, atafika Alhamisi.

Pale ofisini alikuwapo binti mmoja wa chuo, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Akasogea.

"Shikamoo mama. Naona inakusumbua."

"Marahaba mwanangu. Imekufa hii. Nilishawaambia wanunue nyingine."

"Kopi inatoa?"

"Kopi inatoa, tena safi."

"Basi haijafa, mama. Inaona vizuri. Kinachoishinda ni kupeleka."

Hapo binti alikuwa ameshapunguza nusu ya kazi. Zamani kila ofisi ilikuwa na tarishi, mtu wa kupeleka barua kutoka jengo moja hadi jingine. Tarishi hodari bado anaweza kurudi na barua mkononi, na sababu zake ni chache: hakuijua nyumba, au mlango ulifungwa, au hakuaminiwa, au aliruhusiwa kuingia ila akakatazwa kuacha kitu, au hawakuelewana lugha. Skana inayotuma picha kwenye folda ya kompyuta nyingine ni tarishi huyo huyo, na wajibu wa anayeitengeneza ni kuuliza imekwamia hatua gani. Wengi hawaulizi. Wanabonyeza vitufe mpaka wanaharibu hata kilichokuwa kizima.

"Mama, tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi, ni kitu gani kimebadilishwa humu ofisini?"

"Hakuna kitu." Akafikiri. "Labda hii kompyuta yangu. Ile ya zamani iliondolewa likizo, wakaniletea hii mpya. Lakini mashine hawakuigusa."

Binti akatabasamu. Mashine haikuguswa, ni kweli. Nyumba inayopelekewa barua ndiyo iliyohama.

Kila kifaa kwenye mtandao wa ofisi kina namba yake, mafungu manne yaliyotenganishwa na nukta, mfano 192.168.1.20. Kwa kawaida namba hizo hugawiwa na ruta, na kompyuta mpya ikifika hupewa namba mpya. Binti akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika ipconfig, akaisoma namba ya kompyuta: iliishia na 34. Akaenda kwenye mashine, akafungua kitabu chake cha anwani: kitufe cha Masjala bado kilikuwa kinaelekeza kwenye 20. Huko hakukuwa na mtu. Ndiyo maana mashine ilikaa kimya muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba tupu.

Akaisahihisha namba, kisha akaingia kwenye ruta na kuiwekea kompyuta ile namba ya kudumu ili isibadilike tena umeme ukikatika na kurudi. Wakajaribu. Mashine ikakataa, ila safari hii ilikataa papo hapo.

"Si nilikwambia?" sekretari akasema.

"Kosa limebadilika, mama. Tumesogea."

Ningependa mlishike neno hilo la binti. Ukimya mrefu na kukataliwa haraka si kitu kimoja. Anayekufukuza upesi amekwisha kukufungulia mlango. Binti akajua kwamba nyumba imepatikana, na kwamba kuna mtu ndani aliyeitika kisha akasema hapana. Ila hapana ya nini?

Akaiacha mashine, akaenda kwenye kompyuta ya mhasibu chumba cha pili. Mtu asiyejua angemshangaa. Alitaka kuona kama mjumbe mwingine, mwenye afya isiyo na shaka, anaweza kufika kwenye folda ile ile. Akaandika \\192.168.1.34\Masjala. Kompyuta ikauliza jina na nywila.

"Nywila yako ni ipi, mama? Au njoo uiandike mwenyewe, mimi nageuka."

Sekretari akaja, akabonyeza tarakimu nne. Ikakataa. Akabonyeza tena. Ikakataa.

"Lakini ndiyo ninayofungulia kila siku!"

Hili linawakwamisha watu wengi sana. Zile tarakimu nne, PIN, zinaishi ndani ya kompyuta moja tu, na hufanya kazi kwa mtu aliyeketi mbele yake. Anayekuja kwa njia ya mtandao anadaiwa nywila yenyewe, ile ndefu iliyowekwa siku akaunti ilipofunguliwa na pengine kusahauliwa siku hiyo hiyo. Binti hakutaka kuitafuta. Alirudi kwenye kompyuta ya sekretari akafungua akaunti mpya, akaiita skana, akaipa nywila yake ndefu, isiyotumiwa na mtu yeyote. Nadhani alifanya vyema kuliko kama angetumia akaunti ya sekretari. Nywila ya mtu hubadilishwa, na ikibadilishwa mashine haiambiwi: inaendelea kubisha kwa ile ya zamani mpaka akaunti inafungwa. Tena si busara nywila ya sekretari, inayofungua barua zake zote, ikae ndani ya mashine ambayo kila mtu anaigusa.

Kwa akaunti hiyo folda ikafunguka kutoka chumba cha mhasibu. Binti akajaribu kuhifadhi humo faili dogo la maandishi, ikakataa. Kumbe folda ilikuwa imeshirikishwa kwa kusomwa tu. Windows ina ruhusa za aina mbili kwa folda ya pamoja, moja ya mlango wa mtandao na nyingine ya folda yenyewe, na iliyo kali kuliko mwenzake ndiyo inayoshinda. Akairuhusu akaunti ya skana kuandika katika zote mbili, ndani ya Masjala peke yake. Faili likaingia.

Sasa anwani ni sahihi, mlango uko wazi, nywila inakubaliwa, ruhusa ipo. Akaiwekea mashine jina na nywila mpya, wakagusa kitufe.

Ikakataa, papo hapo kama safari iliyopita.

Imebaki lugha, na kwa ajili ya lugha inatubidi kusafiri hadi Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika kampuni ya IBM mhandisi mmoja, Barry Feigenbaum, alibuni utaratibu wa kompyuta kuombana mafaili kwa njia ya mtandao: nifungulie hili, nisomee lile, nihifadhie hapa. Utaratibu huo ndio uliokuja kuitwa SMB. Microsoft wakauchukua, wakaukuza, ukaenea ulimwenguni. Huko Canberra, Australia, mwishoni mwa 1991, mwanafunzi Andrew Tridgell alitaka kompyuta yake ibadilishane mafaili na mashine ya aina nyingine kabisa. Hakuwa na kitabu cha kumfundisha lugha ile. Alichofanya ni kunasa ujumbe unaopita kwenye waya, akausoma kipande kwa kipande mpaka akajua nani anasema nini, kisha akaandika programu inayojibu vilevile. Programu hiyo leo inaitwa Samba, na imo ndani ya masanduku mengi ya kuhifadhia mafaili ofisini.

SMB ya kwanza ilitungwa wakati mtandao ulikuwa wa ofisi moja, na waliomo wanajuana. Wezi hawakufikiriwa sana. Ya pili ilikuja na Windows Vista, ya tatu na Windows 8 mwaka 2012, nayo inaweza hata kuficha maneno yasisomwe njiani. Mashine yetu ya shule ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, imara kama chuma, lakini ilijua ile ya kwanza tu. Kompyuta mpya ya sekretari haikuwa na mtu wa kuisikiliza. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, kompyuta mpya haiwekewi tena ile sehemu inayopokea wageni wa SMB ya kwanza.

Sekretari akampigia fundi tena, akamweleza. Fundi akacheka. "Hiyo rahisi! Ingieni kwenye mipangilio ya Windows, washeni SMB 1, anzisheni upya. Dakika mbili."

Hakuwa anadanganya. Wangefanya hivyo mashine ingetuma picha mchana ule ule. Sekretari tayari alikuwa anamtazama binti kwa matumaini.

"Mama, tusiiwashe," binti akasema. "Ilizimwa kwa sababu."

Sababu hiyo dunia iliiona kwa macho siku moja. Ijumaa, 12 Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine duniani. Haikuhitaji mtu abonyeze chochote. Iliingia kwa tundu lililokuwa kwenye SMB ya kwanza, ikafunga mafaili ya mtu kwa fumbo, kisha ikamwonyesha tangazo la kudai dola 300 ili yafunguliwe. Ilifika katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza iligusa 80 kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali za umma, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Kijana wa Kiingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins, alipoichunguza aliona kwamba kila ikiingia mahali huulizia kwanza anwani fulani ya ajabu kwenye intaneti. Anwani haikuwa na mwenyewe. Akaisajili kwa dola chache ili afuatilie, na kumbe ile programu iliundwa ijizime pindi anwani hiyo ikijibu. Kasi yake ikavunjika hapo.

Linaloniuma katika kisa hiki ni jingine. Dawa ya tundu lile Microsoft walikuwa wameitoa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Waliosasisha kompyuta zao walikuwa salama. Ni kweli pia kwamba kompyuta ya leo, hata ukiiwashia SMB ya kwanza, haina tena tundu lile. Lakini lugha yenyewe imebaki dhaifu, na kuirudisha kwenye kompyuta yenye majina na namba za simu za wazazi wote kwa ajili ya kurahisisha kazi ya mchana mmoja ni uzembe. Simlaumu sana fundi. Wengi hufanya hivyo hivyo, na wateja huwashukuru.

Binti akatafuta namba ya mashine ubavuni, akaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, akakuta sasisho la programu yake ya ndani. Waundaji wengi wa mashine hizi walitoa masasisho ya namna hiyo baada ya SMB ya kwanza kuachwa, ila wenye mashine hawaambiwi. Akaliweka kwenye flashi, akalipakia. Mashine ikazimika, ikakaa, ikawaka. Kwenye mipangilio yake kulikuwa na mstari ambao haukuwapo asubuhi, wa kuchagua SMB 2 au 3. Akachagua. Fomu za kidato cha tano zikaingia Masjala.

Kama sasisho lisingekuwapo? Wangeweza kutuma kwa barua pepe, au kuhifadhi kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mashine. FTP, utaratibu mwingine wa kupeleka mafaili, nayo hupendekezwa, na mashine kongwe nyingi zinaiweza, lakini hupeleka nywila na picha wazi wazi kwenye waya. Mimi ningeikubali ndani ya ofisi tu, tena kwa shingo upande.

Na ninyi mtakaokwenda mafunzo ya vitendo, jambo hili halijaisha. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024, liitwalo 24H2, linadai kwenye kompyuta zenye Windows ya daraja la Pro kwamba kila ujumbe wa SMB utiwe saini, ili mpokeaji ajue haukubadilishwa njiani. Mgeni asiye na jina wala nywila hapokewi. Skana ambazo hazijui kutia saini zimeanza kukataliwa, hata zile zinazoongea SMB 2. Mkikuta moja imesimama ghafla baada ya kompyuta kusasishwa, tafuteni kwanza sasisho la mashine na muipe akaunti yake. Kuzima sharti la saini liwe jambo la mwisho kabisa, na mkilizima, mwambieni mwenye ofisi mmefanya nini.