Askari wa damu na adui aitwaye kuvu



Wakati wa mvua, bowa unauzwa kando ya barabara zetu za Lubumbashi, na sisi tunaula na bukari kwa furaha. Lakini bowa una ndugu wadogo wasioonekana kwa macho: kuvu. Zinaota kwenye mbao zinazooza, kwenye mkate uliolala, kwenye mavi ya njiwa. Vumbi lao tunalivuta kila siku, wewe na mimi, na hatuugui. Kwa nini?

Ni kazi ya chembe nyeupe za damu, zinazozaliwa ndani ya mifupa. Mwaka 1884 mtaalamu wa Urusi, Élie Metchnikoff, alichungua mdudu mdogo wa maji, mwenye mwili unaopenya mwanga kama kioo. Akaona chembe zake zikizunguka mbegu za kuvu na kuzimeza. Ndivyo inavyokuwa ndani yako. Kuvu ikiwa ndefu kupita kumezwa, chembe nyingine hufa zikiitandazia nyuzi, kama mvuvi atupavyo wavu.

Na kama kazini, askari hao wana kapita wao. Wanaitwa CD4. Kapita asipokuwapo, askari humeza kuvu lakini hashindi kuiua. Kuvu inakaa tumboni mwake kama mgeni, hata inabebwa mpaka kwenye ubongo. Virusi vya SIDA vinaua kapita hao.

Nakumbuka fundi mmoja aliyeumwa kichwa wiki tatu. Nyumbani walisema malaria, wakanunua kinini, kisha dawa nyingine, kisha nyingine tena. Alipoletwa kwetu alikuwa anaona vitu viwili-viwili. Tulimtoa maji ya mgongo. Laboratwari wakachanganya tone lake na wino mweusi, na hapo kuvu zikaonekana, kila moja na duara jeupe kama mwezi. Ni kriptokoki, ile ya mavi ya njiwa. Alitibiwa kwa amfoterisini ya mshipani, kisha flukonazoli miezi mingi. Yu hai, lakini macho hayakurudi kama zamani. Hakuwa amepima damu hata siku moja.

Mtasema: SIDA si habari ya mgodi. Sikieni basi. Kati ya 1941 na 1944, karibu wafanyakazi 3,000 wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, walitoka vidonda kwa kuvu iliyoota juu ya miti ya kushikilia mgodi. Iliingia kwa mikwaruzo midogo tu. Kwa hiyo mkwaruzo wa ubao uoshwe siku ileile, na glavu zivaliwe, hata kama joto linaudhi. Maski nayo: vumbi la jiwe likimezwa na askari wa mapafu, linawaua.

Mama, nawe usinunue sokoni vidonge vya deksametazoni vya kunenepesha. Vinawalaza askari usingizi.

Kichwa kikiuma zaidi ya wiki, na dawa ya malaria haisaidii, shingo ikikakamaa au macho yakififia, njoo dispensari siku hiyo, usingoje mshahara. Na mwenye SIDA ambaye CD4 zake ziko chini ya 200 aombe kipimo cha kriptokoki kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ni damu kidogo, na jibu linatoka kwa dakika kumi hivi.